Bambo Lianze Kazi Shambani

Mkaguzi anachoma bambo ubavuni mwa gunia, na punje za mahindi zinateremka kiganjani mwake. Anazitazama rangi, anazinusa, anahamia gunia la pili. Kwa macho na pua atatambua bungua, mchanga, punje zilizovunjika na zilizooza. Sumukuvu haitambui kwa njia hiyo, kwa sababu haina rangi wala harufu. Hiyo inahitaji maabara, au kifaa cha kupimia na mtu anayejua kukitumia.

Sumukuvu hutengenezwa hasa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayoishi kwenye udongo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu yote kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo moja. Ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Mikrogramu ni sehemu moja kati ya milioni ya gramu, kwa hiyo ni kiwango kinachojali afya ya mlaji. Kasoro iko kwenye mahali kinapopimwa. Mara nyingi kipimo hufanyika mpakani au kwenye lango la kiwanda, wakati mkulima ameshauza na mahindi ya vijiji kadhaa yamechanganywa ndani ya lori moja.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha asili na cheti cha kuthibitisha kiwango cha sumu. Ni masharti ya msingi. Hata hivyo, cheti hutegemea sampuli, na sumukuvu haisambai sawasawa kwenye nafaka. Punje chache zilizojaa sumu zinaweza kuharibu gunia zima, huku bambo likipita kando ya punje hizo na kutoka na punje safi. Ndiyo maana wataalamu husema kosa kubwa la vipimo hivi hutokea wakati wa kuchukua sampuli, kabla maabara haijagusa chochote.

Tena kuna mahindi ambayo hayafiki mpakani kabisa. Mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sumukuvu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi mengi yenye sumu yalilimwa na familia zenyewe, na kwamba kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliongeza hatari. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka Dodoma na Manyara, na watu 20 wakapoteza maisha. Hakuna mkaguzi wa mpakani ambaye angeweza kuwaokoa.

Kwa hiyo ukaguzi wenye manufaa unapaswa kufuata safari ya zao. Mahindi yakipigwa na ukame yakiwa yanazaa, kuvu hupata mwanya. Yakianikwa juu ya udongo mtupu, huokota kuvu palepale. Yakipukuchuliwa kwa kupigwa fimbo ndani ya gunia, punje hupasuka na kuvu huingia kwenye ufa. Kila hatua ina swali lake la kukagua: je, kuna turubai? Mahindi yalipukuchuliwa vipi? Yaliingia ghalani na unyevu kiasi gani? Kwenye maeneo yenye historia ya sumu, swali la nne ni kama shamba lilitiwa Aflasafe, dawa yenye kuvu isiyotoa sumu, inayomwagwa wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua ili imnyime nafasi ndugu yake mwenye sumu.

Unyevu ndio unaohitaji umakini zaidi. Wakulima wengi hutumia njia ya chumvi: mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, mtikiso wa dakika moja, kisha kusubiri. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Njia hii ni rahisi na inasaidia, lakini huonya tu unyevu unapozidi takriban asilimia 15, ilhali kiwango kinadai 13.5. Mkulima anaweza kufaulu nyumbani na kufeli ghalani bila kosa lake. Kiwango kinachodai namba hiyo kinapaswa kwenda sambamba na kipima unyevu kwenye kila chama cha ushirika.

Gharama ya ukaguzi nayo ina ufumbuzi uliokwisha kujaribiwa. Chini ya GLOBALG.A.P., mfumo ulioanzishwa na wauzaji wa rejareja wa Ulaya mwaka 1997, wakulima wadogo huthibitishwa kwa kikundi. Wakaguzi wa kikundi humtembelea kila mwanachama, na mkaguzi wa nje hupitia kumbukumbu zao na kutembelea idadi isiyopungua kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama: katika kikundi cha watu 100, mashamba 10. Wakulima wa mboga wa Kenya wameupitia mfumo huu. Wakulima wa mahindi wanaweza kuuiga kupitia vyama vyao vya ushirika wa mazao, AMCOS.

Tahadhari ipo. Nchini Uingereza, mpango wa uthibitishaji wa mazao wa Red Tractor ulioanza mwaka 2000 uliwachosha wakulima wengi wa nafaka kwa makaratasi, na tathmini huru iliyotolewa Januari 2025 ilitaka ukaguzi wa mashambani upunguzwe, urahisishwe na usaidiwe na teknolojia. Daftari ambalo mkulima hujaza kwa ajili ya mkaguzi peke yake litajazwa usiku wa kuamkia ukaguzi.

Na bei lazima iseme kitu. Mahindi makavu hupungua uzito. Aliyeanika siku tatu zaidi akilipwa sawa kwa kilo na aliyeleta mabichi, amekatwa mapato kwa kufanya vizuri.

Mpangilio bora unaweza kuonekana hivi: mkulima anafika ghala la kijiji na magunia yake sita, karani anachota kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, kisha kipima unyevu kinasoma 15.2. Karani anaandika namba hiyo kwenye kitabu cha mkulima, anamwazima turubai, na kumpangia siku ya kurudi.