Ukikosa Kitufe, Ngoma Inakuanika

Unajiona DJ? Basi jipime na beatmania IIDX, gemu ya Konami inayochezwa kwenye kumbi za michezo Japani tangu 1999. Mbele yako kuna vitufe 7 na sahani ya kuskrachi. Alama zinashuka kwenye skrini. Ikifika mstarini, bonyeza au zungusha sahani. Noma ni kwamba alama hizo hubeba sauti za wimbo wenyewe. Ukikosa, ngoma inabaki na pengo, na anayengoja zamu nyuma yako anasikia. Lakini usikate tamaa mapema. Kwenye kipimo cha kawaida, kinachohesabika ni unapomalizia: asilimia 80 kwenda juu, umepita. Chini ya hapo, umefeli. Kwa hivyo ukiteleza katikati, usiachilie. Wimbo haujaisha.