Nusu kaputi na moyo wa mzee

Mzee wa miaka 75 akilazwa Bariadi, mkoani Simiyu, kwa upasuaji wa ngiri au tezi dume, ndugu huuliza: ataamka? Mtaalamu wa usingizi huanzia mbali kidogo: presha itashuka kiasi gani katika dakika za mwanzo?

Dawa za usingizi kama propofoli hulegeza mishipa ya damu na kupunguza nguvu ya moyo. Mwili wa kijana hujibu haraka: mapigo hupanda, mishipa hukaza. Kwa mzee, mishipa imekakamaa, vihisi vya presha vya shingoni vimekuwa vizito, na mapigo hayapandi kama zamani. Presha huporomoka, na ikikaa chini muda mrefu, figo, ubongo na moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha.

Kuna mtego mwingine. Damu ya mzee huzunguka polepole, hivyo dawa huchelewa kufika kwenye ubongo. Anayekosa subira akaongeza dozi huishusha presha maradufu. Ndiyo maana mzee hupewa dawa kidogo, polepole, huku efedrini ya kupandisha presha ikiwa tayari. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, haishushi presha kwa urahisi, lakini huuongezea moyo mzigo. Hata sindano ya ganzi ya mgongo hushusha presha, si kinga.

Kupima uwezo wa moyo, vitabu huuliza kama mgonjwa hupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema. Simiyu swali hilo halimfai mkulima ambaye nyumbani kwake hakuna ghorofa. Afadhali kuuliza: msimu huu alipalilia pamba mwenyewe? Anawafuata ng'ombe hadi lamboni bila kusimama njiani? Aliyeacha shamba kwa sababu ya goti si sawa na aliyeacha kwa sababu ya pumzi. Huyo wa pili achunguzwe moyo kwanza. Upasuaji ukiweza kusubiri, anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Ndugu, nendeni hospitali na dawa zote za mzee, hata za mitishamba. Dawa za presha kama losartani na enalaprili mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla ya upasuaji. Atenololi, nayo ya presha, haikatishwi ghafla. Uamuzi ni wa daktari. Ulizeni pia kuhusu maji: mara nyingi maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla, kwani mzee aliyekaukiwa hushuka presha zaidi.

Akirudi wodini, msilegeze uangalizi. Katika siku tatu za mwanzo moyo unaweza kuumia bila kifua kuuma. Akianza kuhema, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, mwiteni muuguzi papo hapo.