Upepo Usio Sawa Mdomoni mwa Injini ya Ndege

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, zapakana na jiji la Dar es Salaam, na ndege zinazokuja kutua kutoka kusini-magharibi hupita upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe. Mwanafunzi wa Minaki au wa Kibaha hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Babu yake akimwuliza jinsi injini ile inavyomeza upepo, na kwa nini upepo mbaya huidhuru, aweza kujiona hana maneno. Walakini maneno yapo, na baadhi yake yalitumika baharini zamani.

Mbele ya injini ya ndege kubwa za leo pana pangaboi. Katika Boeing 787-8 ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018, pangaboi la kila injini lina mapanga 20, na kipenyo chake ni karibu mita 2.85. Hilo ndilo litoalo sehemu kubwa ya msukumo.

Kila panga ni mfano wa tanga. Nahodha ajua kwamba tanga hufanya kazi likipokea upepo kwa pembe ifaayo. Pembe ikizidi mno, upepo hauambatani tena na mgongo wa tanga, bali hubanduka, na nguvu hupotea. Pembe ya panga hutokana na mambo mawili: mwendo wake lenyewe katika kuzunguka, na mwendo wa hewa iingiayo. Mahali ambapo hewa huingia polepole, hali mzunguko ni ule ule, pembe hupanuka na panga hulemewa. Hivyo mdomo ukiwa na upepo mwema upande mmoja na dhaifu upande wa pili, kila panga hulemewa na kupumzishwa katika kila mzunguko mmoja.

Madhara yake ni matatu. Kwanza, pangaboi hutoa kazi ndogo kwa mafuta yale yale. Pili, mapanga hutetemeka, na metali hatimaye huchoka. Tatu, hewa ikibanduka katika mapanga mengi ya ndani, ile iliyokwisha kushindiliwa hurudi mbele kwa kishindo. Tendo hili lafaa kuitwa kucheua. Kukohoa kungeeleza mlio tu, lakini kucheua ni kurudisha kilichokwisha kumezwa, na ndivyo injini ifanyavyo.

Sababu moja ya hewa kutokuwa sawa ni upepo wa ubavuni. Njia kuu ya kurukia ya Dar es Salaam imelala kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki. Kwa hiyo upepo wa Kaskazi huifuata kwa urefu, lakini Kusi, litokapo kusini-mashariki, huikata. Ndege ikiwa imesimama na injini ikivuta kwa nguvu, hewa ya upande wa joshi hulazimika kupinda ghafula kwenye ukingo wa mdomo, ikabanduka. Pengine kisulisuli huinuka kutoka ardhini mpaka mdomoni, kikichukua vumbi na kokoto. Ndiyo maana, upepo wa ubavuni ukiwa mkali, rubani huongeza nguvu taratibu, ndege ikiwa imekwisha kuanza kwenda. Mwendo huo husaidia kuunyosha upepo.

Sababu nyingine ni umbo la ndege yenyewe. F-111 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1964, ilipata shida kubwa ya injini kucheua, kwa kuwa hewa haikuzifikia kwa usawa. Ikabidi midomo yake ibuniwe upya. Tangu hapo imedhihirika kwamba mdomo na pangaboi havifai kupimwa mbalimbali.

Jambo hili si la historia tu. Wahandisi wataka kuweka injini karibu na mkia, zimeze hewa iliyopunguzwa mwendo kwa kusuguana na kiwiliwili cha ndege, ili kuokoa mafuta. Mwaka 2016 NASA ilijaribu huko Cleveland pangaboi lililobuniwa kustahimili hewa ya namna hiyo. Katika ndege za jinsi hiyo, upepo usio sawa hautakuwa ajali ya siku moja, bali hali ya kila safari.

Kwa mwalimu, basi, haitoshi kutafsiri jina la kila chombo. Yampasa kuanza na pembe ya tanga na joshi. Mwanafunzi akiisha kuelewa hayo, kubanduka na kucheua vitajieleza.