Uliza kuhusu vipuri kabla ya kununua mashine ya kufulia

FAMILIA inayonunua mashine ya kufulia nguo kwa kawaida hutazama bei, rangi na kiasi cha kilo inachoweza kubeba. Ni nadra mnunuzi kuuliza swali ambalo ndilo huamua iwapo fedha zake zitapotea: ikiharibika, itafunguliwa na nani, na kipuri kitatoka wapi?

Swali hilo lina uzito hasa pale mashine inaponunuliwa kwa akiba ya miezi mingi au kwa mkopo wa chama. Ikizimika kabla ya deni kwisha, familia hubaki na mzigo maradufu: kulipia chombo kisichofanya kazi na, wakati uo huo, kumlipa mama fua.

Madukani kuna aina tatu kuu. Ya kwanza ina mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Ya pili hufunguliwa juu na hufanya kazi zote yenyewe. Ya tatu ina mlango mbele.

Yenye mapipa mawili ndiyo rahisi zaidi kutengeneza. Huendeshwa kwa vitufe vya kuzungusha kwa mkono, na aghalabu haina mitambo ya kielektroniki. Aidha, yaweza kujazwa maji kwa ndoo, jambo lenye manufaa katika mitaa ambako maji ya mfereji huja kwa zamu. Kasoro yake ni kwamba mtu hulazimika kuwa karibu ili ahamishe nguo zilizolowa kutoka pipa moja hadi jingine.

Yenye mlango mbele hutumia maji machache zaidi na haichakazi nguo upesi. Hata hivyo, hutegemea nguvu ya maji yanayoingia. Mashine nyingi za aina hii huhitaji shinikizo la angalau baa 0.3 hadi 0.5. Kwa nyumba inayotegemea tangi bila pampu, hiyo ina maana kuwa maji yawe angalau mita tatu hadi tano juu ya mashine.

Sehemu inayofaa kuchunguzwa kuliko zote ni ile isiyoonekana dukani: pipa la nje na beringi zinazobeba ngoma inayozunguka. Raba inayozuia maji ikichakaa, maji hupenya na kuondoa grisi, nayo beringi huanza kunguruma kama kinu cha kusagia mahindi.

Iwapo pipa hilo limeunganishwa kwa skrubu, fundi hulifungua na kubadilisha beringi na raba pekee. Lakini katika mashine nyingi za kisasa, nusu mbili za pipa la plastiki zimeyeyushwa zikashikana. Hapo fundi huambiwa anunue pipa zima, na gharama yaweza kukaribia bei ya mashine mpya. Hii ndiyo sababu inafaa kumuuliza fundi wa mtaani kuhusu modeli fulani kabla ya kuilipia.

Umeme nao ni adui mkubwa. Kupanda na kushuka kwa volteji huweza kuunguza bodi ya kielektroniki, ambayo ni miongoni mwa vipuri ghali. Mota zenye brashi za kaboni hupiga kelele zaidi, lakini brashi hizo zikiisha hubadilishwa kwa gharama ndogo. Mota zisizo na brashi hudumu na huwa tulivu, ila huhitaji bodi ya kuziendesha. Anayechagua aina hiyo anunue pia kifaa cha kukinga umeme.

Akiwa dukani, mnunuzi aulize kama pampu ya kutoa maji, vali ya kuingiza maji na raba ya mlango hupatikana nchini. Muuzaji akisema kuwa ni lazima ziagizwe ng'ambo, mnunuzi ajue kuwa huenda akangoja sana. Masharti ya dhamana yasomwe na risiti ihifadhiwe. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 humpa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa.

Katika nchi za Muungano wa Ulaya, tangu Machi 2021 watengenezaji wamelazimika kuhakikisha kuwa vipuri muhimu vya modeli zinazouzwa huko vinapatikana kwa angalau miaka 10. Hilo halimpi mnunuzi wa Nairobi au Kisumu haki yoyote, lakini ni dokezo kwamba vipuri vya modeli zinazouzwa pia Ulaya vitaendelea kuwapo.

Matunzo nayo hurefusha maisha ya mashine. Zile boliti za kusafirishia zilizo nyuma ya mashine yenye mlango mbele sharti ziondolewe kabla ya kuiwasha, la sivyo itatikisika hadi ivunjike. Sabuni ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi mno. Itumike ile iliyotengenezewa mashine. Kichujio cha pampu kisafishwe mara kwa mara, kwani sarafu na vifungo hukwama humo.

Rahisi ghali, walisema wahenga. Mashine ya bei nafuu isiyo na vipuri yaweza kumgharimu mwenyewe mara mbili, ilhali ile ya kawaida ambayo fundi wa karibu anaifahamu yaweza kumtumikia kwa miaka mingi.