Bunduki ya nyati kwa mwenye pesa za kuhesabu

Mtoto wa mjomba wangu aliyeko Tanga amenipigia simu mara tatu mwezi huu, na mara zote ni kwa jambo moja. Anataka kuuza bunduki yake ya kuwindia anunue nyengine. "Kaka, wewe siku ile ulikuwepo," aliniambia. "Nishauri."

Kweli nilikuwepo. Na kwa kuwa wengi wetu tuna jamaa ng'ambo ya Lunga Lunga, na baadhi yao ni wawindaji wenye leseni, nimeona nimjibu hapa ili na mwengine afaidike.

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama umepigwa marufuku tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo. Asije mtu akasoma makala haya akajipeleka Shimba Hills au msitu wa Boni, kisha akasema nimemtuma mimi. Upande wa Tanzania mambo ni mengine. Raia aliye na leseni ya uwindaji, na silaha iliyosajiliwa polisi, anaweza kuwinda katika maeneo yaliyotengwa na kwa mnyama aliyeandikwa kwenye leseni yake. Ninayoyaandika ni ya huyo.

Sasa nirudi kwenye siku ile. Binamu yangu alikuwa ameweka akiba miaka miwili. Alinunua bunduki ya mkono wa pili, madhubuti, ya kipenyo cha .375. Pesa zikamwishia hapo. Darubini akainunua kwa masalio: ndefu, nzito, ya kukuza mara 6 hadi 24, na pete za kuifungia zikawa zile za bei ya chini kabisa dukani. Risasi nazo ni ghali, kwa hivyo alijaribu mbili tu, akaona zimegonga karibu na alama, akaridhika. Baada ya hapo bunduki ikasafiri nyuma ya gari saa tano kwenye njia ya mashimo.

Nyati alitokea kama hatua sitini mbele yetu. Binamu yangu akapiga bismillahi, akaweka jicho kwenye darubini, na alichokiona ni weusi mtupu. Ukikuza mara sita kwa umbali ule, bega, ubavu na tumbo vyote ni manyoya meusi. Alifyatua. Risasi ikaingia nyuma, tumboni, na mnyama akapotelea kichakani.

Tulimfuata saa tatu. Mnaomjua nyati aliyejeruhiwa mnajua kwamba hakimbii tu, huzunguka akangoja. Alipotoka, alimtokea mfuatilia nyayo wetu, kijana wa watu, ambaye aliruka pembeni akaangukia gogo na kuvunjika mkono. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye ndiye aliyemwangusha, hatua zisizozidi kumi. Alhamdulillahi, mnyama tulimkuta bado ana uhai, akachinjwa, na nyama ikalika. Lakini hakuna aliyekuwa na hamu ya kula usiku ule.

Kambini alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kulinda wanyamapori. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akaichukua ile bunduki bila ya kuuliza kitu. Akaishika darubini kwa vidole viwili na kuisukuma, ikacheza. Skrubu za pete ya nyuma zilikuwa zimelegea. Asubuhi tulipiga kwenye karatasi kwa hatua hamsini, na risasi ikaenda kando upana wa kiganja. Mzee akasema: "Wanangu, bunduki haina kosa. Mmenunua jahazi zima, mkalifunga nanga kwa uzi."

Maneno yale ndiyo yatakayoniongoza katika kumjibu binamu yangu. Tuyachukue mambo moja baada ya jengine.

Kipenyo. Kwa wanyama wa hatari kama nyati, kiwango cha chini kinachokubalika Tanzania ni .375. Usijaribu kuokoa pesa kwa kwenda chini ya hapo, hata kama .30-06 yako imekupa pofu na kuro miaka yote. Risasi ya .375 H&H ilitolewa Uingereza mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo kipimo cha Afrika. Husukuma kichwa cha uzito wa gramu 19 na nusu hivi kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Teke lake ni karibu mara mbili ya teke la .30-06, lakini mtu wa kawaida akijizoeza hulivumilia. Zipo kubwa zaidi, kama .458 ya Winchester iliyotoka 1956, ila wengi wetu tukizipiga tunafumba macho kabla ya kufyatua. Nyati hauawi na kipenyo peke yake, huuawa na risasi iliyofika mahali pake.

Bunduki yenyewe. Kuna bunduki za Kiingereza za mitutu miwili ambazo bei yake ni ya nyumba. Hizo tuwaachie wenyewe. Mtu wa pesa za kuhesabu atafute bunduki ya komeo, ile ya kuvuta na kusukuma kwa mkono, yenye ukucha mrefu wa mtindo wa Mauser wa 1898. Ukucha huo huikamata risasi kwenye ukingo wa ganda mara tu inapotoka ghalani, ukaishikilia mpaka ndani ya chemba, na ukalitoa ganda kwa nguvu baada ya kupiga. Katika mitindo mengine risasi husukumwa ikiwa haijakamatwa, na mtu mwenye pupa akirudisha mkono kabla ya kulifunga komeo sawasawa, risasi mbili zinaweza kubanana. Mbele ya paa hilo si neno. Mbele ya nyati ni jambo jengine.

Zenye ukucha huo na zinazofikika kwa bei ni kama Brno ZKK 602 za zamani na CZ 550 zilizozirithi, zote za kiwanda kimoja cha kule Cheki. Hazitengenezwi tena, lakini za mkono wa pili ni nyingi Afrika. Zipo pia Ruger za aina ya Hawkeye, na Winchester Model 70, ila kwa Winchester uliza umri wake: mwaka 1964 kiwanda kiliuacha ukucha huo, kikaurudisha baadaye sana.

Ukinunua ya mkono wa pili, linganisha kwanza nambari iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi. Zikitofautiana, ondoka. Kisha angalia ndani ya mtutu kama kuna vishimo vya kutu, na mdomo wa mtutu kama umegongwa. Angalia mti wa kitako nyuma ya komeo kama umepasuka, kwa sababu teke la .375 hupasua mbao, na baadhi ya CZ zinajulikana kwa hilo. Jaza ghala kwa risasi bandia, uzipitishe zote kwa kasi, polepole, na ukiwa umeiinamisha bunduki. Mwisho jaribu kizuizi cha usalama. Katika baadhi ya ZKK za zamani hufanya kazi kinyume na ulivyozoea, na hilo si la kujifunzia porini.

Darubini. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika, tukidhani namba kubwa ndiyo ubora. Nyati wengi hupigwa chini ya mita 100, tena vichakani. Unachohitaji ni kuona mnyama mzima, uone bega liko wapi na nani amesimama nyuma yake. Darubini ya kukuza mara 1 hadi 4, au moja na nusu hadi 5, inatosha na inabaki. Ni fupi na nyepesi, hukaa chini karibu na mtutu, na shavu lako linapumzika kwenye kitako. Iwe na nafasi ya sentimita tisa au zaidi kati ya jicho na kioo. La sivyo, teke likija utatoka na chale juu ya nyusi.

Uzito nao una maana. Bunduki inaporuka nyuma, darubini inataka kubaki pale ilipo. Pete ndizo zinazoivuta. Kadiri ilivyo nzito, ndivyo skrubu zinavyoteseka kwa kila risasi. Ile darubini ya binamu yangu ilikuwa inajing'oa yenyewe.

Kwa jina, si lazima uchukue la bei ya juu. Leupold na Vortex zote za Marekani zina dhamana ya maisha inayofuata chombo, si mnunuzi wa kwanza, kwa hivyo hata ya mkono wa pili inahudumiwa. Kuirudisha kutoka Tanga ni safari, lakini afadhali mlango uliopo kuliko usiokuwepo.

Baada ya kuifunga, ipime. Piga risasi kwenye karatasi, zungusha kirekebishi vituo 20 juu, piga, 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga. Risasi ya mwisho irudi ilipogonga ya kwanza. Isiporudi, hiyo darubini ni pambo.

Pete na vishikizo. Hapa usifanye ubahili hata kidogo. Chukua za chuma cha pua au chuma kigumu, si za bati laini. Kwenye CZ na ZKK, mahali pa kufungia pamechongwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe, na hiyo ni faida kubwa. Skrubu zisafishwe mafuta, zitiwe gundi ya skrubu, zikazwe kwa kipimo. Na usiving'oe vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki. Darubini ikivunjika, ndivyo vitakavyokurudisha nyumbani.

Risasi za mazoezi. Tenga pesa za visanduku vitatu kabla hujalipia kitu chengine. Jizoeze na risasi ya aina ile ile utakayowindia, ukiwa umesimama, ukiegemea magongo matatu, kwa mita 50 hadi 80. Mezani kila mtu ni mlengaji. Na kila ukisafiri njia mbovu, ukifika kambini piga moja kwenye karatasi kabla ya kuingia porini. Risasi hiyo moja ingetuokoa siku ile.

La mwisho ni letu watu wa pwani: chumvi. Bunduki haina tofauti na mashine ya mashua. Kitako cha plastiki na chuma cha pua huvumilia zaidi, lakini hata chuma cheusi na mti hudumu ukivifuta kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji. Unyevu hujificha humo, na kutu huanza pale usipopaona.

Tumefunzwa kwamba hata mnyama anayehalalika ana haki ya kutoteswa. Kwa hivyo uchaguzi huu si wa fahari ya mwanamume na silaha yake. Ukilegeza skrubu moja, mnyama anabeba risasi tumboni saa tatu, na mtoto wa watu anavunjika mkono.

Basi binamu yangu, jibu langu ni hili. Usiuze bunduki, haikukosea. Uza ile darubini ndefu, nunua fupi, na pete zinazostahili. Lakini kabla ya hayo, panda gari uende kwa yule kijana. Mkono wake umeunga, ila kazi ya nyayo hajairudia, na msimu mzima hakupata kitu. Hilo ndilo la kwanza kulipiwa.