Bwawa la Majivu

Kila asubuhi majivu huzolewa jikoni. Mengine hutiwa chooni, mengine hutumika kusugulia sufuria. Majivu hayo ni machache, wala hayamsumbui mtu. Sasa fikiri juu ya jiko linalochoma tani 14,000 kila siku. Majivu yake yatawekwa wapi?

Makaa ya mawe

Makaa ya mawe ni mawe meusi yanayochimbwa ardhini. Huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wa maji hayo huzungusha mitambo ya umeme. Makaa yakiisha kuungua, hubaki majivu.

Makaa ya mawe yana sumu kidogo kidogo ndani yake, kama vile risasi na aseniki. Je, mchuzi ukichemka sana huwaje? Maji hupungua, chumvi hubaki, na mchuzi huzidi kuwa na chumvi. Vivyo hivyo, makaa yakiungua hupungua, lakini sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki katika majivu.

Bwawa la Kingston

Nchini Marekani, katika jimbo la Tennessee, kuna mji uitwao Kingston. Karibu na mji huo, mahali mito ya Emory na Clinch inapokutana, shirika la serikali liitwalo TVA lilijenga kituo cha umeme katika miaka ya 1950. Majivu ya kituo hicho yalichanganywa na maji, yakasukumwa kwa mabomba mpaka kwenye bwawa kando ya mto. Bwawa lilizungushiwa tuta. Kila lilipojaa, tuta jingine liliongezwa juu ya majivu ya zamani. Baada ya miaka 50 hivi, tuta lilifikia kimo cha karibu mita 18. Watu walijenga nyumba zao jirani, wakavua samaki mtoni.

Mwaka 2003, na tena mwaka 2006, maji yalipenya kwenye tuta. Mahali hapo palitengenezwa, na majivu yakaendelea kumwagwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa ufa haukuwa juu tu. Chini ya tuta kulikuwa na tabaka la majivu laini yenye maji mengi. Ilikuwa kama kujenga nyumba juu ya tope.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, ilipokaribia saa saba, tuta lilivunjika. Tope la majivu lilitoka kiasi cha lita bilioni 4, yaani madebe zaidi ya milioni 200. Lilifunika eneo la hekta 120 hivi na kujaza sehemu ya mto Emory. Nyumba tatu ziliharibika kabisa, na nyingine nyingi zilipata hasara. Kwa bahati njema, hakuna mtu aliyekufa usiku ule.

Taabu iliyofuata

Kazi ya kusafisha iliendelea mpaka mwaka 2015, na gharama zilizidi dola bilioni moja. Wafanyakazi wengi walipumua vumbi la majivu. Wengi waliugua, na baadhi yao walikufa. Walieleza kwamba walikatazwa kuvaa vifaa vya kufunika pua na mdomo. Walimshitaki mkandarasi aliyesimamia kazi. Mwaka 2018 mahakama iliona kwamba hakuwalinda kama ilivyompasa. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 2023.

Majivu yaliyozolewa mtoni yalipelekwa wapi? Tani milioni kadhaa zilipakiwa katika treni mpaka wilaya ya Perry, katika jimbo la Alabama. Wakazi wengi wa huko ni watu weusi, tena maskini. Wao hawakutumia umeme ule, lakini walipewa majivu yake. Sumu iliyohamishwa si sumu iliyokwisha.

Tunajifunza nini?

Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitoa kanuni mpya. Kanuni hizo zinataka matuta ya mabwawa ya majivu yakaguliwe, na maji ya chini ya ardhi yapimwe. Ni jambo jema, lakini lilikuja baada ya hasara.

Umeme una faida kubwa. Lakini mradi wowote wa makaa ya mawe ukikaribia kijiji, uliza mapema. Majivu yatawekwa wapi? Nani atakagua tuta? Nani atapima maji ya visima? Wafanyakazi watalindwaje? Maswali haya huulizwa kabla tuta halijajengwa. Tuta likivunjika, swali linalobaki ni moja tu: nani atazoa?

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini majivu ya makaa ya mawe yana sumu?
2. Tuta la Kingston lilionyesha dalili gani kabla ya kuvunjika?
3. Je, ilikuwa haki kupeleka majivu Perry? Toeni sababu.
4. Taka za kijiji chenu hutupwa wapi? Je, ziko mbali na kisima au mto?