Mawe ya Tochi na Redio: Tununue kwa Hesabu

Ndugu wafanyakazi,

Hapa Kizuka, kama katika pwani yote ya Rumonge, kazi nyingi haingoji jua. Mlinzi wa shamba la michikichi hukesha na tochi. Aliye zamu panapokamuliwa mawese hurudi nyumbani gizani. Jioni tunafungua redio tusikie habari. Vyote hivyo vinakula mawe, na mawe yanakula mshahara. Kwa kuwa faranga hutoka kidogo kidogo, hatuzihesabu. Leo tuzihesabu.

Kwanza, tusome herufi. Kila jiwe lina maandishi madogo. Namba yaeleza ukubwa: 20 ni jiwe nene, 6 ni dogo, 03 ni jembamba. Herufi iliyotangulia yaeleza kilichomo ndani. R peke yake ni jiwe la kawaida la zinki na kaboni. LR ni jiwe la alkalini. HR ni jiwe la kuchajiwa. Kwa hiyo R20 na LR20 huingia katika tochi ile ile, lakini si jiwe moja. Maneno makubwa ya rangi yanayosifu nguvu ni ya kuuzia tu. Tuamini herufi.

Pili, kila chombo kina jiwe lake. Redio ndogo hutumia umeme kidogo, nayo R inaitosha. Tochi yenye mwanga mkali huvuta kwa nguvu, na hapo R huchoka upesi, lakini LR hudumu mara kadhaa zaidi. Anayewasha tochi kila usiku afikirie HR, kwani huchajiwa mara mamia. Bei yake ni kubwa na yataka chaja yake maalum, lakini wenzetu watatu wanaweza kuchanga na kutumia chaja moja.

Tuchukue mfano tu. Jozi ya R inauzwa faranga 1,000 na kudumu usiku 4: ni faranga 250 kwa usiku. Jozi ya LR inauzwa faranga 2,400 na kudumu usiku 16: ni faranga 150. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Bei ya dukani kwako ni nyingine, lakini njia ni hiyo hiyo. Andika tarehe ya kutia mawe, andika tarehe yalipokufa, kisha gawanya bei kwa idadi ya usiku.

Tatu, tuyatunze. Tusichanganye mawe mapya na ya zamani, wala R na LR. Chombo kikikaa bila kazi, tuyatoe, kwa sababu ganda la zinki huliwa kutoka ndani, maji yakavuja na kuharibu chombo. Wengi wetu huyaanika juani. Ni kweli joto huyaamsha kidogo, lakini kwa muda mfupi tu, na huharakisha kuvuja. R na LR tusizichaji, zinaweza kupasuka. Tusitupe mawe motoni wala ziwani. Na vile vijiwe bapa kama kidonge tuviweke mbali na watoto. Mtoto akikimeza, koo laweza kuungua ndani ya saa mbili. Tumkimbize hospitali mara moja, tusingoje aanze kulia.

Mwisho, ndugu, kuna swali kubwa kuliko bei: nani anunue? Tochi ya mlinzi ni chombo cha kazi, kama panga la mkata mikungu. Katika shamba moja tulikuta walinzi wakinunua mawe kwa mishahara yao. Walipolalamika, msimamizi aliwajibu kwamba ni faranga chache. Tukawaomba waandike tarehe kwa mwezi mzima, kila mmoja karatasi yake. Tulipozijumlisha na kuziweka mezani, neno "chache" halikurudiwa. Tangu hapo mawe yakatolewa pamoja na tochi.

Hawakupiga kelele. Walileta hesabu, na waliileta pamoja. Basi kila mlinzi, kila mwenye zamu ya usiku, aanze karatasi yake wiki hii na kuileta kwa mjumbe wake. Karatasi moja ni malalamiko. Karatasi ishirini ni madai.

Umoja ni nguvu!